Nani Huyu Kwenye Waifai Yangu?

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi katika ukumbi wa jamii mjini Nyeri. Tumeyaacha karibu yalivyotamkwa. Itifaki ya mwanzo imeondolewa, na maswali ya mwisho yamefupishwa.

 Nyinyi mliopanda matatu asubuhi kutoka Karatina, Othaya na Naro Moru, asanteni kwa kuitangulia mvua.

Nianze kwa kusema kwamba mimi si fundi wa mitambo. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu hapa kaunti ni kuwauliza wanaojua kisha kuwaeleza nyinyi kwa lugha ya kawaida. Fundi mwenyewe ameketi pale nyuma na ruta mbili. Nikisema uongo atakohoa.

Swali lililotuleta hapa huja ofisini kwetu kwa sura nyingi. "Intaneti yangu inaliwa na nani?" "Nimeona simu nisiyoijua kwenye waifai, nimedukuliwa?" "Nitamfungia vipi jirani?" Ukisikiliza vizuri utaona kwamba maswali haya hayahusu mitambo pekee. Yanahusu jirani, mpangaji, mtoto wa dada aliyekuja likizo. Ndiyo sababu nataka twende polepole. Mtu akiharakisha kwa jambo hili anaweza kumfungia ndugu yake nje na kumwacha mgeni halisi ndani.

Nitawapa kisa kimoja bila majina. Mama mmoja ana ploti ya vyumba kumi na viwili upande wa Ruring'u, naye anaishi nyumba ya mbele. Intaneti ilipoanza kukwama kila jioni, mpwa wake alimwekea programu kwenye simu inayoonyesha vifaa vyote vilivyoungwa kwenye waifai. Ikatoa vifaa kumi na vinne. Mama akahesabu vya nyumbani kwake: simu nne na kompyuta moja. Vitano. Kwa hesabu yake, wezi walikuwa tisa. Kijana wa chumba namba nne, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyejulikana kuwa anapenda mambo ya kompyuta. Basi kijana akapewa notisi ya kuhama, na mama akaja kwetu kuuliza kama anaweza pia kumshtaki.

Tulimwomba arudi nyumbani na kalamu na karatasi, pamoja na fundi. Walichokuta ni hiki. Vifaa vitano kati ya wale "wezi" tisa vilikuwa televisheni ya sebuleni, dekoda, kamera mbili za lango na printa ya mwanawe. Viwili vilikuwa simu za wageni waliokuja Krismasi na kurudi Nairobi, ambazo ruta ilikuwa bado inazikumbuka ingawa hazikuwepo. Kimoja kilikuwa simu ya binti yake, iliyoandikwa mara mbili kwa namna nitakayoeleza. Kikabaki kimoja tu, tableti ya mtoto wa jirani ng'ambo ya ua. Mtoto huyo hakuwa amedukua chochote. Alikuwa amepewa waifai na binti wa nyumba hiyo hiyo. Kijana wa chumba namba nne hakuwemo kwenye orodha hata kidogo. Alikuwa ananunua bando zake mwenyewe. Notisi iliondolewa, lakini jaribu kufikiria wiki mbili alizoishi akitazamwa kama mwizi.

Sasa tuingie kazini.

Kazi ya kwanza haihitaji intaneti. Chukua karatasi, zunguka nyumba chumba kwa chumba, na uandike kila kitu kinachotumia waifai. Watu wengi huhesabu simu na kompyuta wakaishia hapo. Usisahau televisheni, dekoda, kamera za usalama, spika, saa ya mkononi, balbu na soketi zinazowashwa kwa simu, na ile simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka ambayo watoto huitazamia katuni. Ukiwa na duka, mashine ya kupokea malipo kwa kadi pia ihesabu. Waulize wote wanaolala hapo, na waulize kwa upole, maana mtoto akihisi anatafutwa makosa atakuficha simu moja.

Kazi ya pili ni kuiuliza ruta yenyewe. Ruta ni mlango, na kila kilichoingia kimepitia kwake. Igeuze uangalie stika iliyo chini au nyuma. Utaona nambari zenye vitone, mara nyingi 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.100.1, pamoja na jina la kuingilia na nenosiri la msimamizi. Simu au kompyuta yako ikiwa kwenye waifai hiyo, fungua kivinjari, uandike nambari hizo pale juu unapoandika anwani ya tovuti, kisha uingie. Tafuta sehemu yenye maneno kama "Connected Devices" au "Device List". Kampuni kadhaa za intaneti zina programu zao za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo kwa urahisi zaidi. Uliza huduma kwa wateja ya kampuni yako.

Kuna pia programu za bure, na wengi wenu mnaijua Fing. Siuzi bidhaa ya mtu hapa. Nasema tu kwamba programu ya namna hiyo hukuonyesha vifaa vilivyopo, lakini ufunguo wa mlango umebaki kwenye ruta. Anayekuambia ulipie programu ili "iwafukuze wezi" bila kugusa ruta, muulize maswali mengi kabla hujatoa pesa.

Orodha ikifunguka, usishtuke. Majina mengine utayatambua mara moja: Tecno, Infinix, Redmi, Galaxy. Mengine yatakutisha bure. Ukiona "Espressif", hilo ni jina la kampuni inayotengeneza vijisehemu vilivyomo ndani ya balbu na soketi za kisasa. Balbu uliyonunua ina jina moja kwenye boksi na jina lingine kwenye ruta, kama vile mtu anavyojulikana kijijini kwa jina moja na kwenye kitambulisho kwa lingine. Vingine havina jina kabisa. Huandikwa tu kwamba havijulikani, na maana yake ni kwamba ruta haikupewa jina. Si ushahidi wa wizi.

Kando ya kila jina utaona herufi na tarakimu kumi na mbili, zikiwa mbili mbili na kutenganishwa kwa nukta pacha. Hiyo ni anwani ya MAC. Kila kifaa hutoka nayo kiwandani, na sita za mwanzo huonyesha kampuni iliyotengeneza sehemu yake ya mawasiliano. Ndizo zinazomwezesha fundi kukuambia "hii ni televisheni" hata kama jina halipo.

Njia ninayoipenda mimi haihitaji hata kuzisoma. Zima kifaa kimoja, subiri dakika chache, fungua orodha upya, uone kipi kimetoweka. Kiandike. Zima kinachofuata. Inachosha, nakubali, lakini jioni moja inatosha, na mwishoni unakuwa na karatasi yenye jina la kila kifaa. Baadhi ya ruta huendelea kuonyesha vifaa vilivyokwisha kuondoka, kwa hiyo angalia kama kila kimoja kimeandikwa kuwa kipo hewani au la. Wale wageni wa Krismasi walionekana kwa sababu hiyo.

Sasa lile la simu ya binti. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, na iPhone tangu toleo la iOS 14 la mwaka 2020, simu hazitoi tena anwani yao ya kiwandani zinapojiunga na waifai. Hujitungia anwani ya bandia. Halikuwa wazo baya. Lilianzishwa ili maduka, hoteli na viwanja vya ndege visiweze kukufuata unapopita kwa kutambua simu yako. Lakini nyumbani matokeo yake ni kwamba simu moja inaweza kuonekana leo kwa anwani ya kiwandani na kesho, mwenyewe akibadilisha mipangilio, kwa anwani nyingine kabisa. Ruta hudhani ni vifaa viwili.

Kuna alama ya kuitambua. Tazama herufi au tarakimu ya pili kati ya zile kumi na mbili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, basi karibu kila mara unatazama anwani iliyotungwa na simu au kompyuta, wala si ya kiwandani. Kisha nenda kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani, fungua mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wenu, na utaiona anwani simu hiyo inayotumia hapo. Linganisha. Hapo ndipo "mgeni" mwingi huisha.

Na baada ya hayo yote, ikiwa kimebaki kifaa kisicho na mwenyewe?

Wengi hapa hutaka kubonyeza "Block", na ruta nyingi zina kitufe hicho. Kinafanya kazi, kwa muda. Ruta huizuia anwani ile ya MAC, na simu iliyozuiwa inakosa intaneti. Lakini nimetoka kuwaambia kwamba simu ya leo inaweza kubadilisha anwani kwa kugusa mpangilio mmoja. Mtoto wa darasa la saba anajua kufanya hivyo. Ukimzuia saa moja jioni, saa moja na dakika tano amerudi kwa sura mpya, na wewe umeanza mchezo wa paka na panya usioweza kuushinda. Kitufe hicho kitumie kwa kifaa cha nyumbani unachotaka kukipumzisha, kama televisheni wakati wa mitihani.

Dawa ya mgeni ni kubadilisha nenosiri la waifai. Ukilibadilisha, kila kifaa kinatoka nje kwa mpigo, cha kwako na cha mwizi, na kinachorudi ni kile tu ulichokipa nenosiri jipya. Utalazimika kuingiza upya televisheni, kamera na printa, na ndiyo maana watu huahirisha. Fanya Jumamosi mchana, karatasi yako ikiwa mkononi, ukitia alama kila kifaa kinaporudi.

Nenosiri liwe refu. Urefu unasaidia kuliko vialama vya ajabu ambavyo wewe mwenyewe utavisahau. Chukua maneno manne yasiyohusiana, ukichanganya Kiswahili na Kikuyu ukitaka, kitu kama mukimo-baiskeli-Chania-tisini. Hilo msilitumie, limeshasemwa ukumbini na litachapishwa. Usitumie nambari ya simu, jina la ploti wala mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba.

Ukiwa bado ndani ya ruta, yapo mambo mengine matatu, na la kwanza ndilo ningekuomba usiondoke bila kulifanya. Badilisha pia nenosiri la msimamizi, lile la kuingilia kwenye ruta. Ni tofauti na la waifai. Likibaki "admin" kama lilivyotoka kiwandani, mgeni aliye ndani ya waifai yako anaweza kuifungua ruta, kusoma nenosiri jipya ulilojisumbua kulitunga, hata kuigeuza ruta ikupeleke kwenye tovuti bandia unapotafuta ya kweli. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikijaribu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani kwenye kamera na ruta za watu wa kawaida. Ilikusanya vifaa vingi mno hivi kwamba tarehe 21 Oktoba mwaka huo ilishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix ikawa haifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Wenye kamera zile hawakujua chochote. Kamera zao ziliendelea kuonyesha lango kama kawaida.

La pili, zima WPS. Hiyo ni njia ya mkato ya kuunga kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya tarakimu nane. Mtafiti Stefan Viehböck alionyesha mwaka 2011 kwamba namba hiyo hukaguliwa nusu nusu, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000. Kompyuta haichoki kwa hesabu hiyo. La tatu, kwenye sehemu ya usalama chagua WPA2 au WPA3. Ukikuta ruta yako inajua WEP tu, ruta hiyo ni ya makumbusho.

Sasa nenosiri hutoka vipi nyumbani? Tunapenda kufikiria mdukuzi aliyevaa kofia, gizani. Kwa kawaida hutoka kwa mkono wetu wenyewe. Simu za Android tangu 2019 zinaweza kuonyesha ile alama ya mraba yenye vidoadoa, na simu nyingine ikiipiga picha imeingia. Hakuna aliyeambiwa nenosiri, na bado limetoka. Binti wa yule mama alimwonyesha rafiki yake skrini kwa sekunde mbili, wala hakuona kwamba ametoa kitu. Rafiki naye akimwonyesha mwingine, umepoteza hesabu. Kwa hiyo unapobadilisha nenosiri, keti na watu wa nyumbani uwaeleze jambo hili. Bila mazungumzo hayo, nenosiri jipya litakaa wiki.

Na ni muhimu kujua mawimbi yako yanafika wapi. Nyumba ya mawe huyapunguza, nyumba ya mbao huyaachilia karibu yote. Ukiweka ruta dirishani inayotazama barabara, umewapelekea wapita njia. Iweke katikati ya nyumba. Waifai ya gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali kuliko ile ya 5, kwa hiyo mara nyingi ng'ambo ya ua hushikwa ile ya kwanza.

Niseme neno kuhusu kugawana, kwa sababu sitaki mwende nyumbani mkidhani kila anayetumia intaneti ya mwenzake ni mhalifu. Huku mlimani kugawana intaneti kuna historia. Karibu na Nanyuki, mwaka 2013, ulianza mradi wa Mawingu, ambapo Microsoft pamoja na wizara yetu ya mawasiliano na kampuni ya Indigo walipeleka intaneti mashambani kupitia masafa ya televisheni yaliyokuwa wazi, kwa umeme wa jua. Watu waliketi pamoja kwenye saiba kutumia laini moja. Julai 2015 mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alifika Nanyuki siku ya kuzinduliwa kwa Windows 10. Kwa hiyo ukikubaliana na jirani mgawane gharama, huo ni ujirani. Soma tu mkataba wako kwanza, kwa sababu mikataba ya nyumbani inaweza kukataza. Na ukianza kuuza intaneti kwa umma kama biashara, hapo unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Mkikubaliana kugawana, tumia mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinao, huitwa "Guest Network". Jirani anapata intaneti kwa nenosiri lake, lakini hafiki kwenye printa, kamera wala kompyuta zako. Siku mkikosana unalizima hilo moja bila kugusa la nyumbani.

Mbona basi nijisumbue, mtu aniulize, ikiwa ni bando tu? Kukwama kwa intaneti ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba laini imeandikishwa kwa jina lako. Mtu akituma vitisho au akimtapeli mtu kupitia waifai yako, mchunguzi akianza na anwani ya intaneti njia inamleta kwa mteja aliyeandikishwa, nawe ndiye utakayeanza kujieleza. Karatasi yenye orodha ya vifaa na tarehe uliyobadilisha nenosiri ni kitu kizuri kuwa nacho siku hiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 14, inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo inakubana na wewe pia. Ukigundua simu ya jirani kwenye waifai yako, huna ruhusa ya kuingia kwenye simu yake kulipiza, wala kuchungulia anachotazama. Katiba, ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu, hata ya aliyekukosea. Mtoe nje, funga mlango, basi. Ukiona dalili za uhalifu wenyewe, pesa zimeibwa au kuna vitisho, usifute chochote. Piga picha ya orodha ile na uende kituo cha polisi uelekezwe kwa maafisa wa DCI. Mamlaka ya Mawasiliano nayo ina kituo cha taifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni, KE-CIRT, kinachopokea ripoti kutoka kwa wananchi.

Naona mikono. Tuchukue maswali.

Mzee wa Othaya ameuliza kuhusu M-Pesa, kama mtu aliye kwenye waifai yake anaweza kuchukua pesa. Mzee, ile menyu ya M-Pesa ya laini ya simu haipiti kwenye waifai kabisa, inapita kwenye mtandao wa simu. Programu za benki na ya M-Pesa zinapotumia waifai hufunga ujumbe kwa siri kabla haujatoka kwenye simu. Kwa hiyo kuwa kwenye waifai yako pekee hakumpi mtu pesa zako. Pesa huenda pale mwenyewe anapotoa PIN, kwa simu ya tapeli au kwenye tovuti bandia. PIN usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka kaunti. Sisi hatuombi PIN.

Mama wa Nanyuki mwenye nyumba za kukodisha wageni anasema nenosiri limebandikwa ukutani na wageni huja kila wiki. Mama, hapo tumia mtandao wa wageni, na ubadilishe nenosiri lake kila mara nyumba inapoachwa wazi, kama unavyobadilisha shuka. Kamera zako na kompyuta ya hesabu zisikae kwenye mtandao huo. Na kwa kuwa umetaja kamera, ziwe nje tu na mgeni aambiwe zipo. Ukirekodi watu unagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kijana ameuliza kama akificha jina la waifai lisionekane itamsaidia. Haisaidii. Programu za bure huuona mtandao uliofichwa, na utawasumbua tu shangazi zako wakija. Kuhusu kuruhusu anwani ulizoorodhesha tu, inawezekana, lakini utahangaika na zile anwani za bandia za simu, na anayejua kazi anaweza kuiga anwani iliyoruhusiwa. Nenosiri refu linakupa zaidi kwa jasho kidogo.

Na cucu wa Mukurwe-ini anasema mwanawe aliye Marekani ndiye analipa intaneti, na nenosiri la msimamizi hakuna anayelijua. Cucu, usimruhusu mtu abonyeze kile kitundu cha nyuma kwa sindano. Kweli ruta itarudi ilivyotoka kiwandani, lakini zile za nyaya za faiba zinaweza kupoteza mipangilio ya kampuni, nawe ukakaa bila intaneti mpaka fundi wao aje. Mwambie mwanao apige huduma kwa wateja, kwa kuwa laini iko kwa jina lake, awaombe wabadilishe manenosiri yote mawili, kisha akupigie simu akusomee. Yaandike kwenye daftari, uliweke unapoweka hati ya shamba. Daftari la nyumbani haliwezi kudukuliwa kutoka ng'ambo.

Fundi hajakohoa, nashukuru. Ameweka ruta mbili pale mezani, moja ya faiba na moja ya laini ya simu, na karatasi za kuorodhesha vifaa ziko karibu na mlango. Wenye muda, sogeeni wanne wanne na simu zenu, tufungue orodha pamoja.